Kaburi la Selous, Beho Beho
Kila mwezi wa Januari mimi humkumbuka Frederick Courteney Selous, mwindaji na kiongozi wa misafara kutoka Uingereza, aliyeuawa kwa risasi tarehe 4 Januari 1917 katika mapigano ya Beho Beho ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kaskazini mwa mto Rufiji, akiwa na umri wa miaka 65. Alizikwa papo hapo, chini ya mkwaju, na juu ya kaburi lake kuna jiwe bapa lenye jina lake na cheo chake cha ukapteni. Namheshimu kwa ushupavu wake na kwa jinsi alivyoijua nyika kwa miguu yake mwenyewe. Hata hivyo, mwaka 1890 ndiye aliyewaongoza walowezi wa Cecil Rhodes, tajiri wa kikoloni wa Uingereza, kuingia Mashonaland, katika Zimbabwe ya leo, nchi iliyokuwa na wenyewe. Tena wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa maelfu katika vita hivyo hivyo vilivyomuua Selous, kwa maradhi na njaa, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Eneo la Beho Beho sasa limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019. Atakayefika kaburini, namwomba awakumbuke na wapagazi hao kwa dua.