Nilivyookoa fungu la Mambo Leo lenye ukungu, wadudu na kutu

Mambo Leo, gazeti la Kiswahili, lilianza kutolewa hapa Dar es Salaam mwaka 1923. Fungu nililopata kwa muuza vitabu vya zamani lilikuwa na ukungu, vidudu na pini za stepla zilizoota kutu. Nilianza na ukungu, maana huo ukiingia kabatini unahamia kwenye vitabu vizima.

Kwanza kukausha. Ukungu mbichi ukiupiga brashi unapakaa na kuzama kwenye karatasi. Ukikauka unakuwa vumbi, unatoka. Juani sikuanika. Karatasi za bei nafuu za mbao zikipigwa na jua zinakuwa manjano na kuvunjika kama papadi. Nilizitandaza chumbani siku 4, feni ikitazama ukuta. Kisha nikatoka nazo kibarazani, barakoa usoni, nikazipangusa kwa brashi laini kutoka kwenye mshono kwenda ukingoni.

Wadudu niliwaua kwa friza. Nakala 5 kwa mfuko mmoja wa nailoni, hewa imekamuliwa, mdomo umezibwa kwa selotepu, wiki 2 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kijisehemu cha barafu cha friji ndogo hakifiki huko. Umeme ulipokatika mpaka barafu ikaanza kuyeyuka, nilihesabu upya siku ya kwanza, kwa sababu mayai ni sugu kwa baridi hafifu. Ukitoa mfuko, usiufungue kwa saa 24: hewa yetu ikigusa karatasi ya baridi, karatasi inatoa jasho kama chupa ya soda, na ukungu unaanza upya. Friza haiui ukungu, inaulaza tu.

Pini ndizo zilizonila muda. Ukivuta, kutu inang'oka na karatasi. Nilifungua gazeti katikati, nikapenyeza kipande chembamba cha plastiki ngumu chini ya mguu wa pini ili kukinga karatasi, nikauinua mguu taratibu kwa kisu butu mpaka ukasimama wima, halafu upande wa pili. Hapo nikageuza gazeti, nikaichomoa pini kwa nje. Nikashona kwa uzi mweupe wa pamba kupitia matundu yaleyale, bila kukaza. Uzi uliokazwa unakata karatasi kama wembe.

Selotepu ya zamani iliyokwisha kugandamana na maandishi niliiacha. Ukiibandua, inaondoka na wino. Mpya usibandike kabisa.

Sasa zimo kwenye boksi la plastiki la lita 30 lenye mfuniko wa kubana, silika jeli (punje zinazonyonya unyevu) nusu kilo na kipima unyevu kidogo. Nalenga asilimia 50. Ikipita 65 ukungu unaamka. Masika naangalia kila wiki. Silika yangu ni ya rangi ya chungwa. Ikigeuka kijani, yaani imeshiba unyevu, naiweka kwenye ovena nyuzi 120 kwa saa 2 au 3, naiacha ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, ndipo nairudisha.