Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Haidroli na Mtungi wa Nitrojeni

Watu wanaojua kwamba mimi ni fundi wa haidroli, yaani mitambo inayoendeshwa kwa mafuta yenye shinikizo, hufikiria jeki za magari, na wale walioniona kiwandani nikiwa na mtungi wa gesi na geji huamini kwamba kazi yangu ni kujaza upepo. Naieleza hapa siku moja ya wiki iliyopita, saa kwa saa, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii ni kupima na kusubiri, na ni vigumu kumweleza mtu anayekulipa kwamba kusubiri nako ni kazi.

Saa 11:00 alfajiri niliamka, nikanywa chai, nikatoka Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kabla foleni ya Barabara ya Nyerere haijaanza.

Saa 1:30 asubuhi nilikuwa karakana kwetu Chang'ombe. Tulibadilisha sili za silinda ya kijiko cha kuchimbia, tukakata na kubana hosi mbili, tukaosha mikono.

Saa 3:15 simu ikapigwa kutoka kiwanda kimoja cha plastiki upande wa Mbagala. Mashine ya kutengenezea ndoo ilikuwa imepoteza nguvu, na meneja wa uzalishaji alieleza kwa haraka kwamba akumuleta, ile chupa ya chuma inayohifadhi nguvu za mafuta kwa msaada wa gesi, inahitaji gesi. Nilimuuliza ukubwa wake akajibu kwa ujumbe wa simu kuwa ni ya lita 10. Nikachagua mtungi wa nitrojeni wa lita 50 uliokuwa na shinikizo la baa 110, ambao kwa akumuleta ya lita 10 unatosha na kubaki, nikaupandisha kwenye kirikuu pamoja na kijana ninayemfundisha kazi, tukaufunga kwa mkanda na kofia yake ya chuma ikiwa mahali pake.

Saa 4:30 tulifika, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba akumuleta ile ilikuwa ya lita 32. Nilimwambia meneja palepale kwamba gesi huenda isitoshe. Alinijibu, "Fundi, anza kazi, mengine tutayaona."

Kabla sijagusa kitu nilizungumza na dada anayeendesha mashine, kwa kuwa mwendeshaji ndiye anayejua mashine ilivyoanza kuumwa. Alikuwa ameandika kwenye daftari lake la zamu kwamba tangu Ijumaa ndoo zilikuwa zinatoka hazijajaa ukingoni na kwamba pampu ilikuwa hainyamazi. Maelezo yale yalinitosha kujua pa kuanzia, na ningependa viwanda viwasikilize zaidi watu wa namna yake.

Akumuleta ya kibofu ni chupa nene ya chuma ambayo ndani yake mna kibofu cha mpira kilichojazwa nitrojeni kupitia valvu ya juu. Chini yake kuna mlango wa mafuta wenye valvu yenye umbo la uyoga, inayojifunga pale kibofu kinapoiegemea ili mpira usisukumwe kuingia bombani. Mafuta ya haidroli hayabanwi kwa kiasi chenye maana, lakini gesi inabanwa. Pampu inaposukuma mafuta ndani, kibofu hunywea na shinikizo la gesi hupanda. Mashine inapohitaji mafuta mengi kwa ghafla, gesi hutanuka na kuyasukuma nje. Mashine ile hufanya kazi kati ya baa 100 na baa 160, na gesi yake hujazwa baa 90, yaani asilimia 90 ya shinikizo la chini kabisa, ili kibofu kisiwe kinagonga valvu ya chini kila mzunguko. Kwa kipimo hicho, akumuleta ya lita 32 hutoa takribani lita 8.4 za mafuta ndani ya sekunde 2, wakati ambapo pampu ya lita 60 kwa dakika ingetoa lita 2 tu. Kiwanda hununua pampu ndogo na mota ndogo, pampu hujaza akiba polepole wakati ndoo inapoa ndani ya kalibu, na ile akiba yote hutumika katika tendo moja la kusukuma plastiki iliyoyeyuka. Nishati inayotoka katika tendo hilo inatosha kuinua mzigo wa tani moja hadi urefu wa karibu mita 11, na hiyo ndiyo sababu siruhusu mtu alegeze nati yoyote eti kwa kuwa mashine imezimwa. Mashine huzimwa, lakini akumuleta hubaki na nguvu zake.

Tulizima umeme kwenye swichi kuu, nikafunga kufuli langu na ufunguo nikautia mfukoni. Kisha nikafungua taratibu valvu ya kurudisha mafuta kwenye tangi, na nikamwita kijana aangalie geji pamoja nami, kwa sababu hapa ndipo mtu hujifunza. Mshale ulishuka polepole kutoka baa 150, ukapita 100, ukapita 80, ukapita 60, na ulipofika karibu na 40 ukaanguka ghafla hadi sifuri. Pale unapoangukia ndipo lilipo shinikizo la gesi, kwani wakati huo mafuta yamekwisha na kibofu kimekaa juu ya valvu ya chini. Nilifunga kifaa cha kupimia kwenye valvu ya juu nikasoma baa 40. Nilibonyeza kidogo pini ya valvu, ikatoka gesi kavu bila tone la mafuta, dalili kwamba kibofu hakijapasuka. Povu la sabuni lilionyesha gesi ikipenya katikati ya valvu, nikaitoa gesi yote iliyobaki polepole, kisha nikabadilisha moyo wa valvu na mpira wake.

Nilimwonyesha meneja hesabu kwenye karatasi: kwa baa 40, akumuleta ileile hutoa chini ya lita 5, na kibofu hubanwa hadi robo ya ujazo wake, ambao ndio mpaka wa kawaida wa kibofu cha mpira. Ukiendelea hivyo, mpira hujikunja juu na hatimaye hutobolewa na valvu ya gesi. Aliitazama karatasi, akaitazama saa yake.

Saa 6:00 mchana nilianza kujaza. Nitrojeni huingizwa polepole sana, hasa mwanzoni, kwa sababu gesi inayotanuka kwa kasi hupoa, na mpira uliopoa hukakamaa na kupasuka. Mtungi wetu na akumuleta vilikutana kwenye baa 67, na hapo gesi ikaacha kupita. Nilimtuma dereva wa kirikuu arudi Chang'ombe kuchukua mtungi mwingine.

Hapo ndipo siku iliponielemea. Meneja alikuja akasimama karibu na mimi akisema kwamba ana oda ya ndoo ya kupakia jioni, kwamba ninampotezea muda, na kwamba fundi aliyekuja kabla yangu hakuwa na maneno mengi. Aliondoka, akarudi na fundi wao wa kuchomelea akisukuma mtungi kwenye kitoroli. "Gesi ni gesi, fundi. Malizia na hii." Ulikuwa mtungi wa oksijeni. Nilisimama kati ya mtungi ule na mashine, na nilizungumza kwa sauti ambayo kila mtu katika chumba kile aliisikia: "Bosi, hiyo haiingii hapa. Oksijeni ikikutana na mafuta chini ya shinikizo inalipuka, na sisi sote tuliosimama hapa hatutatoka." Huku kwetu mitungi mingi ya oksijeni ya viwandani ni myeusi, na mingi ya nitrojeni ina rangi nyeusi begani, kwa hiyo nimemzoesha kijana wangu kusoma lebo kila mara na kutoiamini rangi peke yake. Meneja akauliza kwa nini basi nisitumie hewa ya kompresa. Nilimweleza kwamba hewa nayo ina oksijeni asilimia 21 pamoja na unyevu, na kwamba kompresa yake ya baa 8 haiwezi kuingiza chochote mahali penye baa 67. Yule fundi wa kuchomelea aligeuza kitoroli chake kabla hajaambiwa, na nilimshukuru.

Dereva alikuwa kwenye foleni Mtoni kwa Aziz Ally. Kila nilipompigia alikuwa Mtoni kwa Aziz Ally. Joto la chumba cha pampu lilikuwa kali, tulikuwa hatujala, na kila baada ya muda mfupi meneja alituma mtu kuuliza kama tumemaliza. Nilitumia muda ule kukagua akumuleta ndogo ya lita 1 iliyo kwenye mdomo wa pampu, ambayo watu huisahau kwa sababu haihifadhi nguvu za kutazamika. Kazi yake ni kutuliza. Pampu ile ina pistoni 9 na huzunguka kama mara 1,450 kwa dakika, maana yake hutoa mapigo zaidi ya 200 kwa sekunde, na kila pigo hutikisa mabomba, hulegeza maungio na kuchosha hosi. Akumuleta ndogo humeza kilele cha kila pigo na kujaza pengo linalofuata. Hii hujazwa gesi pungufu, kama asilimia 60 hadi 70 ya shinikizo la kazi, ili kibofu kiwe kinaelea katikati muda wote. Nilipoipima ilikuwa salama.

Kijana aliniuliza kama zamani, kabla ya vibofu, walihifadhije nguvu hizi. Nilimweleza kuhusu William Armstrong wa Uingereza, ambaye katikati ya karne ya 19 aliendesha kreni za bandari kwa maji yaliyosukumwa chini ya pistoni wima iliyobebeshwa uzito mkubwa. Uzito una ubora mmoja ambao gesi haina: shinikizo lake halibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali letu hushuka kutoka 160 hadi 100 kadiri mafuta yanavyotoka. Lakini akumuleta ya Armstrong ilihitaji mnara, na yetu imefungwa ukutani kwa kamba mbili za chuma.

Mtungi ulipofika jua lilikuwa limeshageuka. Nilijaza tena polepole, nikafunga, tukasubiri nusu saa ili joto la gesi na la chupa vilingane, na hapo mabishano yakaanza upya, kwa sababu meneja alisoma geji ikionyesha baa 96 wakati kibati cha mashine kinasema 90. Alidai nimezidisha. Kibati kinataja baa 90 kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na chupa ile niliipima kwa kipimajoto ikawa nyuzi 40. Gesi ileile ikipoa hadi 20 itasoma 90. Kama ningeijaza 90 palepale kwenye joto, ningekuwa nimempa pungufu. Nilieleza mara ya pili, safari hii kwa kuandika, na dada wa mashine ndiye aliyeelewa kwanza na kumfafanulia bosi wake.

Tuliondoa kufuli, tukarudisha umeme. Pampu ilinguruma, mshale ukapanda hadi 160, valvu ikapunguza mzigo na pampu ikatulia. Ndoo ya kwanza tuliitupa, ya pili na ya tatu zilitoka zimejaa ukingo mzima, na mshale wa geji ulikuwa umesimama bila kutetemeka. Nilimwangalia kijana wangu akipapasa bomba kwa mkono wake kuhisi mtikisiko, kitu ambacho sikumwagiza, na nilifurahi sana.

Giza lilikuwa limeingia tulipoandika kadi na kuifunga kwenye shingo ya akumuleta: tarehe, baa 96, nyuzi 40, moyo wa valvu umebadilishwa, kupimwa tena baada ya wiki moja. Meneja alitaka saa za kusubiri mtungi ziondolewe kwenye ankara. Nilimwonyesha ujumbe wa simu uliosema lita 10, nikaziacha zilivyo, akasaini.