Waigizaji na miaka wanayoiruka

Kumbukumbu za waigizaji wa Uingereza walioanzia kwenye televisheni ya miaka ya 1950 huniudhi kidogo, kwa sababu wengi wao huruka haraka hadi filamu yao ya kwanza. Ni wachache wanaosimulia kwamba tamthilia ya Jumapili ya BBC, iliyorushwa moja kwa moja, ilirudiwa Alhamisi kwa kuigizwa upya, mwanzo hadi mwisho, au jinsi mtu alivyokimbia nyuma ya kamera akiruka nyaya huku akifunga vifungo vya koti la onyesho linalofuata. Mwaka 1958 mwigizaji Gareth Jones alifariki dunia tamthilia aliyoigiza ikiwa hewani, na wenzake wakaendelea, wakibuni maneno papo hapo kuziba pengo lake. Kisa hicho kimehifadhiwa. Vile vidogo, nadhani, huachwa kwa kuwa hakuna kanda iliyobaki ya kuwasuta.