Kasha la Kumbukumbu Tulilolifunga na Watoto

Mwaka 1938, mjini New York, lilifukiwa ardhini kasha la aloi ya shaba (shaba iliyochanganywa na metali nyingine) lenye vitu vya kumbukumbu, lililokusudiwa kufunguliwa mwaka 6939. Letu tumelipangia miaka 10 tu, kwa sababu nataka wanangu walifungue wenyewe.

Unyevu ndio adui mkubwa, kwa hiyo tuliliweka juu ya kabati badala ya kulifukia, na betri ya kigari cha kuchezea tukaitoa kabla haijavuja na kuharibu vitu vingine. Picha tulizichapisha, maana huenda kifaa cha kusomea flashi kisiwepo tena.

Barua ndizo zilizotuchukua jioni nzima. Binti yangu mwenye umri wa miaka 6 aliandika jambo analoliogopa, akaniomba nisilisome. Niliikunja karatasi ile bila kuitazama, nikaifunga kwa gundi mbele ya macho yake. Mdogo wake, ambaye bado hajui kuandika, nilimchorea kiganja chake kwenye karatasi, na pembeni nikaandika maneno anayoyakosea, kama anavyoyatamka hasa, kwa kuwa nahisi hayo ndiyo yatakayotutoka akilini kwanza.