Siku moja maishani mwangu: tabule ya kiangazi, Maskati

Saa 10:00 alfajiri. Adhana imeshalia, niko macho. Nafungua dirisha kidogo nipime hewa, na joto linanipiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria ya wali mbele yangu. Ndiyo Juni ya Maskati. Kwetu Unguja tunalalamikia joto la kaskazi, lakini huku kuna upepo wanauita gharbi, unatoka bara, mkavu, na ukianza kuvuma nguo ya kwanza kwenye kamba inakauka kabla hujaanika ya mwisho. Pale Quriyat, mji wa pwani usio mbali na hapa, tarehe 26 Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku kucha. Ndiyo maana ikifika miezi hii jiko letu linageuka: sahani za wali zinapungua, saladi zinapanda.

Nafanya kazi upande wa baridi, yaani wa saladi, katika jiko dogo la Al Khuwair linalopikia maofisi na majumba. Mwaka wa sita huu. Leo nina sahani 60 za tabule, saladi ya Kilebanoni ya majani yaliyokatwa, zitoke kabla ya saa 6:30.

Saa 11:15. Soko la Seeb. Dereva ananiteremsha na kuwasubiri watu wa samaki, mimi nakwenda moja kwa moja kwa babu wa majani. Mzee huyu alizaliwa Ng'ambo, ule mtaa wa mjini Unguja, akaletwa huku kijana, baada ya mwaka 1970 Waomani wengi wa Zanzibar walipokuwa wanarejea. Kiswahili chake ni kile cha bibi zetu.

"Sabalkheri, mwanangu."

"Sabalkheri, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Bakdunisi ya leo safi, lakini usichukue ya juu. Chukua iliyo chini ya gunia bichi."

Kwa asiyeijua: bakdunisi ni majani yanayofanana sana na kotimiri, ila harufu yake ni nyingine kabisa, nyepesi, inayokaribia majani mabichi yaliyofyekwa sasa hivi. Wiki yangu ya kwanza kazini nilibeba vishada thelathini vya kotimiri nikidhani nimepatia. Tangu siku hiyo sinunui kwa macho. Navunja bua moja karibu na sikio: likilia tk, ni bichi, likipinda bila kulia, lina siku tatu. Kisha nafungua mpira wa kishada na kunusa katikati, maana kuoza kunaanzia ndani pale pabichi, nje bado kijani. Babu hanikasirikii nikifungua vishada vyake. Ananiangalia tu, anajua natafuta nini.

Nachukua vishada 50 vya bakdunisi, 10 vya nanaa (neno hili tumelipata huku huku, Waarabu nao wanasema hivyo hivyo, na babu hufurahi kila nikilitamka), 8 vya vitunguu majani, nyanya kilo 3 zile ngumu zenye nyama nene, na malimau 25. Malimau, si ndimu. Ndimu ina ukali unaokata, kwenye tabule inameza kila kitu.

Saa 1:00 asubuhi. Kuosha. Hii ndiyo kazi ambayo mtu akiipuuza, hakuna limau wala mafuta yatakayomwokoa baadaye. Beseni kubwa la maji baridi, majani yanazamishwa, yanatikiswa, kisha yanatolewa kwa mikono yakielea. Usimwage maji majani yakiwa ndani, mchanga ulioshuka chini utarudi juu yake. Mara tatu, mpaka nikipitisha kidole chini ya beseni nisihisi chembe.

Halafu kukausha. Nayafunga kwenye kitambaa cha pamba, natoka nje kwenye kibaraza cha nyuma na kuyazungusha kwa mkono kama mtu anayerusha kombeo. Kisha yanatandazwa kwenye taulo, chini ya kiyoyozi, saa nzima na zaidi. Bakdunisi mbichi ya maji ukiikata inakuwa tope la kijani, na tope hilo linakunywa limau lote na kulitema chini ya bakuli. Kabla ya hapa nilipita jiko moja kubwa ambalo majani yalitoka kwenye maji yakaingia moja kwa moja kwenye mashine ya kusagia. Dakika mbili kazi imekwisha. Wateja waliiacha ile saladi pembeni ya sahani, mimi nikiona, na nilisononeka kwa sababu majani yalikuwa mazuri.

Saa 2:10. Mdogo wetu mpya, binti wa Tanga, ana wiki mbili tu hapa, kaja kasimama mlangoni mikono imelowa.

"Dada, nimekusaidia. Burghuli nimeshailowesha."

Moyo ukanishuka. Burghuli ni ngano iliyochemshwa, ikakaushwa juani, ikavunjwa na kuchekechwa kwa ukubwa. Inapewa namba: namba 1 ni laini kabisa, kama chenga ndogo za mchele, na ndiyo ya tabule, namba 3 na 4 ni za kupikwa kama wali. Ile ya namba 1 imeshapikwa mara moja huko ilikotoka, kwa hiyo haihitaji moto wala maji ya bomba. Inatakiwa ilale kwenye maji ya nyanya na limau, inywe hayo, ivimbe kwa hayo. Ukiilowesha maji matupu inashiba maji matupu, na haina tena nafasi ya ladha.

Nilikwenda kuangalia. Gramu 600 zimekuwa uji.

Sikumgombeza. Amefanya vile mama yake anavyofanya mchele, nani angemfundisha vingine? Tuliichuja kwenye shashi, tukaikamua mpaka mikono ikauma, nikaipeleka upande wa nyama, kwa sababu leo kulikuwa na kibe na kibe yenyewe inataka burghuli laini iliyolowa, inakandwa na nyama ya kusaga. Hakuna kilichotupwa. Tukafungua pakiti nyingine.

Mwenye jiko akaingia wakati tunakamua. Sisi tunamwita Khalti, kama kwetu mtu anavyosema mama mdogo. Ni mtu wa Zahlé, bonde la Beqaa, Lebanon. Akamwambia binti kwamba bibi yake mwisho wa kiangazi alikuwa akichemsha ngano ya mwaka mzima kwenye sufuria moja kubwa uani, watoto wanapewa vibakuli vya ngano ya moto yenye sukari, iliyobaki inapandishwa juu ya paa kukauka, na kazi ya watoto ilikuwa kufukuza ndege. Binti alikuwa bado ana machozi, lakini hapo akacheka, akasema kwao Tanga ndege wanafukuzwa kwenye mpunga.

Saa 3:00 hadi saa 5:00. Kukata. Watu wawili, mbao mbili, vishada 50.

Kwanza nanoa. Kila siku, kwenye kinoo cha maji, hata kama jana nilinoa. Kisha nakusanya majani, mabua manene nimeshayaondoa, mabua membamba ya juu nayaacha kwa sababu yana utamu. Nayabana kwa vidole vya mkono wa kushoto mpaka yawe kama fundo la kamba, na kisu kinapita mara moja. Mara moja tu. Ile tabia ya kurudia, kisu kikipigapiga juu ya majani yaliyokwisha katwa, ndiyo inayoyaponda na kuyatia weusi. Jani lililokatwa vizuri lina kingo kavu. Ukilishika mkononi linamwagika kama pumba, halikushiki.

Khalti hahitaji kuja kutazama. Anakaa kule mwisho kwenye hesabu zake, miwani puani, na anasikiliza. Kisu kikali kwenye bakdunisi kinasema chwa, chwa, chwa, taratibu, kama mtu anayetembea kwenye mchanga. Kisu butu kinasema to, to, to, ni ubao unaolia, jani linapondwa tu. Leo kama saa 4 akapaza sauti bila kuinua kichwa: "Kisu cha ubao wa pili." Binti akatazama kisu chake, akanitazama mimi. Nikamwonyesha kinoo. Aliporudi sauti ilikuwa imebadilika, hata yeye aliisikia, na baada ya hapo nilimwona akiinamisha sikio kila baada ya muda.

Vitunguu majani vinakatwa vyembamba na kusuguliwa kwa vidole pamoja na chumvi kidogo, pilipili manga na mdalasini wa kuonja tu. Ukali wake unalegea. Nyanya nazikata vipande vidogo kama punje za mahindi, na maji yanayotoka ubaoni hayamwagwi, yanakwenda juu ya burghuli kavu pamoja na nusu ya maji ya limau. Inatosha nusu saa. Ukitafuna punje inakuwa imelainika lakini bado inajibu chini ya jino. Nanaa inakatwa mwisho kabisa kwa sababu inaota weusi mapema.

Saa 5:30. Kuchanganya. Naombwa kipimo mara nyingi, basi niseme cha nyumbani, cha watu wanne au watano: vishada 4 vikubwa vya bakdunisi, kimoja cha nanaa, nyanya 3 ngumu, vitunguu majani 4, burghuli laini gramu 50, malimau 2, mafuta ya zeituni vijiko 5 au 6 vya mezani, chumvi. Ndiyo, gramu 50 tu. Huku nje wengi wanaipika tabule kinyume, ngano bakuli zima na majani ya kupambia. Inashibisha, sikatai, lakini ile si tabule. Tabule ni majani. Ngano kazi yake ni kushika maji ya limau yasikimbie. Nyumbani kwao Khalti, ambako wana hata siku yake maalumu, Jumamosi ya kwanza ya Julai, bakuli likiwa la rangi ya ngano mwenye nyumba anaona haya.

Burghuli chini, nyanya juu yake, vitunguu, kisha majani. Limau lililobaki, mafuta, na chumvi ya mwisho. Chumvi ikitangulia inayatoa majani maji. Nachanganya kwa mikono, vidole wazi, nanyanyua na kuachia. Mara nane au tisa, basi. Naonja kwa jani la kabichi changa, siyo kwa kijiko, kwa sababu mteja naye atachotea jani la kabichi au letasi, na utamu wa lile jani unabadilisha hesabu ya limau. Leo ilitaka limau moja zaidi.

Saa 6:20. Sahani 60 zimeondoka, zimepangwa ndani ya masanduku ya baridi. Kuanzia saa 6:30 mpaka saa 9:30 sheria ya hapa inakataza kazi za juani miezi ya Juni, Julai na Agosti, na barabara ya nyuma yetu inayojengwa inanyamaza ghafla. Mafundi wanaingia chini ya kivuli cha ukuta wetu. Khalti kila siku anawatolea sinia. Wakati mwingine wali, leo tabule na mikate. Mmoja wao, Mbengali mtu mzima, alirudisha sinia tupu na kuonyesha kidole kwenye jani moja la nanaa lililobaki, akainua dole gumba.

Saa 8:00 sisi tukala. Saa 10:00 alasiri oda ndogo ya mtu mmoja wa Seeb, sahani 12, aliyekata ni binti wa Tanga peke yake. Sikuigusa.

Saa 2:00 usiku. Chumbani, miguu ndani ya beseni. Unguja ni saa 1, na mdogo wangu ananipigia kwa video. Anataka kuwafanyia tabule wageni wa kesho, lakini burghuli hakuna dukani kwake na bakdunisi hajaiona. Nikamwuliza kilichopo ni nini. Kuna ngano za bokoboko, zile nzima za kukobolewa, kuna kotimiri, nanaa ya uani kwa mama, matango, nyanya, ndimu.

Basi usiite tabule, nikamwambia, lakini itakuwa nzuri. Ngano ziloweshwe usiku huu, kesho zichemshwe kwa maji mengi yenye chumvi, kama dakika 45, mpaka zilegee bila kupasuka. Sisi kwenye bokoboko tunaziponda mpaka zipotee, hizi ziache zikae na umbo lake. Zichuje, zitandaze kwenye sinia zipoe na kukauka kabisa. Kotimiri nusu ya vile unavyotaka, maana ni kali, nanaa ijaze nafasi. Tango toa mbegu. Ndimu anza na moja, onja.

"Na majani nikate vipi, dada?"

"Kata kidogo nisikie."

Akaweka simu kando ya ubao, sikuona kitu isipokuwa dari ya jiko la mama na balbu. To, to, to. Nikamwambia asimame hapo hapo, amwombe mama kile kinoo kilichoko nyuma ya mtungi.