Babu alikwenda Wenela, wimbo haukumtaja

Kyela, Ijumaa usiku. Umeme umekatika tangu saa moja na simu ina chaji kidogo, kwa hiyo naandika mbio kabla sijasahau yaliyosemwa leo darasani.

Ni wiki ya tatu sasa nawasikilizisha wanafunzi wangu wa darasa la sita nyimbo za watu walioondoka makwao kwenda kutafuta. Spika yangu ni ndogo, naitumbukiza kwenye sufuria tupu ili sauti ikue. Nyimbo ziko katika lugha ambazo hata mimi sizijui zote, basi naandika maana ubaoni kwa Kiswahili, tunasikiliza mara mbili, halafu nawaacha waseme.

Tulianza na Shosholoza. Huo walishausikia kwenye mpira, kwa hiyo walidhani ni wimbo wa kushangilia. Niliwaeleza kwamba ni wimbo wa vibarua waliotoka Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kwenda Afrika Kusini kwa gari moshi, wakikata milima. Mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, na sululu zinapanda na kushuka pamoja. Waliuimba kwa kupiga miguu hadi vumbi likapaa na mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia dirishani.

Kisha nikawawekea Stimela wa Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, alioutoa 1974. Darasa likatulia. Masekela anasimulia habari ya treni inayowakusanya watu kila upande na kuwapeleka kwenye machimbo ya dhahabu ya Johannesburg, wanakofanya kazi saa kumi na sita kwa siku chini ya ardhi kwa ujira wa kudhihaki, na usiku wanalala kwenye mabweni machafu wakiwaza wapendwa waliowaacha na mifugo waliyonyang'anywa. Treni ikipiga honi, wanailaani. Honi yenyewe anaipiga kwa mdomo wake, na mtoto aliyekaa mbele aliruka.

Nikauliza: treni ya kwanza inatiwa moyo, ya pili inalaaniwa, je, hizi ni treni mbili? Walibishana sana. Msichana mmoja ambaye kwa kawaida haongei mpaka nimtaje, akasema, "Mwalimu, treni ni ileile. Wa kwanza unaimbwa mchana, mtu yuko kazini anataka nguvu. Wa pili ni wa usiku." Nimefundisha miaka kumi na minne na nimezisikiliza nyimbo hizo mara nyingi kuliko hiyo miaka. Sikuwahi kuliona jambo hilo.

Leo ndipo kijana mmoja akanyoosha mkono. Yeye alikuwa amehesabu nchi zinazotajwa mwanzoni mwa Stimela: Namibia, Malawi, Zambia, Zimbabwe, Angola, Msumbiji, Lesotho, Botswana, Swaziland. Tisa. "Mwalimu, Malawi imo, tena ni hapo tu ng'ambo ya mto Songwe. Mbona sisi hatumo? Baba yake babu alikwenda huko."

Babu yangu pia alikwenda. Ikabidi niiweke chaki chini na kuwasimulia habari za Wenela, kama wazee wetu walivyoliita lile shirika lililoandikisha wachimbaji wa kupeleka machimbo ya Afrika Kusini. Wanyakyusa wengi, wa huku bondeni na wa kule juu Tukuyu, walitia saini mikataba yake au waliweka dole gumba, wakaenda kuchimba dhahabu ambayo hawakuwahi kuivaa. Baada ya uhuru wa 1961 serikali ya Tanganyika iliifungia Wenela mlango. Wimbo ulipotoka 1974, sisi tulikuwa hatupeleki watu tena. Hilo ni jibu langu mwenyewe, na kijana halikumtosha. "Lakini walikuwa wameshakwenda," alisema. Kweli, walikuwa wameshakwenda.

Babu alirudi na sanduku la bati, blanketi na kikohozi ambacho hakikumwacha hadi alipofariki. Alirudi pia na neno moja. Tulipochelewa na maji alikuwa anatupigia kelele, "Checha!" Sisi tulidhani ni Kinyakyusa cha zamani. Nilikuja kujua ukubwani kwamba ni Fanagalo, lugha ya machimboni, na maana yake ni fanya haraka. Amri aliyopigiwa yeye chini ya ardhi ndiyo aliyotupigia sisi, wajukuu zake, kando ya migomba. Nilipowaambia hivyo watoto, hakuna aliyecheka, nami niliwashukuru moyoni.

Kuna jambo sikulisema darasani. Mwaka huohuo wa 1974, tarehe 4 Aprili, ndege ya Wenela iliyokuwa inawarudisha nyumbani wachimbaji wa Malawi ilianguka Francistown, Botswana. Walikufa watu 78, na Rais Banda wa Malawi akasimamisha uandikishaji. Nusu ya darasa langu wana ndugu Karonga, huko Malawi. Niliona inatosha kwa siku moja. Au pengine niliogopa sauti yangu isingefika mwisho.

Wimbo wa tatu ni Sodade, alioimba Cesária Évora katika albamu yake ya 1992. Nilikuwa na wasiwasi nao: visiwa vya Cabo Verde viko mbali, na lugha ni Krioli. Lakini nilipowaeleza kwamba watu wa kule, wakikimbizwa na ukame na njaa, walipelekwa kwa mikataba kisiwa cha São Tomé kufanya kazi kwenye mashamba ya kokoa, darasa zima liliamka. "Kokoa hiihii?" Ndiyo, hiihii. Hawa ni watoto wa Kyela. Wanajua kupasua, kuvundika na kuanika, na wanaijua ile harufu kali ya siku ya tatu isiyotoka mikononi. Hapo Cabo Verde ikawa jirani kuliko Dar es Salaam.

Tukakwama kwenye neno lenyewe, sodade. Kiswahili chake ni nini? Mmoja alisema hamu. Mwingine akapinga: hamu unaweza kuwa nayo hata ya nyama. Nikapendekeza ukiwa, wakasema hilo ni la msibani. Mwisho tulikubaliana na kitenzi tu, kukumbuka, kama watu walivyoandika kwenye barua: nakukumbuka sana. Nikawaandikia ubaoni barua za zamani zilivyoanza, "Mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako," na wakaipenda, kwa sababu wimbo nao una habari za barua. Ukiniandikia, nitakuandikia; ukinisahau, nitakusahau, mpaka siku utakayorudi.

Yule msichana wa mchana na usiku akanyoosha mkono tena. Katika nyimbo zote tatu, alisema, ni huu tu ambao huenda anaimba aliyebaki. Yeye ndiye anayeuliza nani alikuonyesha njia hii ndefu. "Wale wengine wanaimba walioko kule. Sisi tunaobaki nyimbo zetu ziko wapi, Mwalimu?"

Sijawahi kuuliza darasani nani anaishi na wazazi na nani analelewa na bibi. Ripoti za mwisho wa muhula zinaniambia. Nyingi zinarudi na dole gumba. Mama yuko Mbeya, baba yuko Dar, kaka ameingia Sauzi na amenyamaza tangu mwaka juzi. Nimekuwa nikiwafundisha hamu ya mtu aliye mbali kana kwamba hamu inasafiri naye tu. Sikuwa na jibu, na niliwaambia hivyo.

Kengele ilipolia yeye alibaki akifuta ubao, ingawa si zamu yake. Aliniambia bibi yake huimba peke yake akianika kokoa, wimbo wenye maneno ambayo yeye hayajui, na mtu akisogea, bibi anakatisha. Alitaka kumuuliza maneno hayo aniletee Jumatatu. Nimemwambia asimuulize. Achukue ungo wake, akae upande wa pili wa jamvi, naye aanike.