Milimita moja: MRI inavyoelekeza matibabu ya saratani ya puru

Ripoti ya MRI (picha zinazopigwa kwa sumaku) ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, inayoishia kwenye "kuna uvimbe wa puru, aonane na daktari wa upasuaji" haina kazi. Aliyeomba kipimo alishajua kuna uvimbe: ameugusa kwa kidole, ameuona kwa kamera, na majibu ya kinyama (kipande kidogo cha uvimbe kilichopimwa maabara) yamesema ni saratani. Alichotaka kujua ni hiki: akipasua sasa atautoa wote, au mgonjwa aanze na mionzi?

Huku Ziwa Victoria kuna mtego hata kabla ya picha. Mtu wa Ukerewe, Sengerema au Magu akiona damu kwenye choo, hudhani kwanza ni kichocho cha tumbo, kisha bawasiri. Si dhana za kipuuzi. Kichocho kipo kweli, na kinaweza kuacha vidonda na vinundu kwenye utumbo mpana hadi puruni. Ila damu isiyokoma baada ya dozi ya prazikwanteli inadai kidole cha daktari, kamera na kinyama. MRI haishiki nafasi ya kinyama, kwa sababu ukuta uliovimba kwa kichocho unaweza kuonekana kama wenye saratani.

Kinyama kikishathibitisha, vipimo viwili hugawana kazi. CT (picha za eksirei za vipande) ya kifua, tumbo na nyonga hutafuta kama ugonjwa umefika kwenye ini au mapafu. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, hupimwa kwanza, maana dawa ya kung'arisha picha hutolewa na figo. MRI hubaki palepale penye uvimbe, na kwa kazi hii haihitaji sindano ya dawa ya kung'arisha. Ukiambiwa CT inatosha kwa yote mawili, uliza tena: CT haitenganishi vizuri tabaka za ukuta wa puru.

Puru imezungukwa na mafuta, na mafuta hayo yamefungwa na utando mwembamba. Upasuaji alioueleza daktari Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, mwaka 1982 hutoa puru pamoja na mafuta yake kama kifurushi kizima, kisu kikifuata utando huo. Utafiti wa MERCURY uliochapishwa 2006 ukaonyesha kwamba MRI inaweza kutabiri kabla ya upasuaji kama ukingo wa kifurushi hicho utatoka safi, bila saratani. Kwenye picha za T2, aina moja ya picha za MRI, mafuta ni meupe, misuli ya ukuta ni mstari mweusi, uvimbe ni kijivu, na utando ni uzi mweusi unaopita ndani ya weupe. Pima kutoka kwenye kijivu hadi kwenye uzi. Ikiwa ni milimita 1 au pungufu, ukingo uko hatarini.

Kipimo hicho kinategemea sana namna picha ilivyokatwa. Vipande visizidi unene wa milimita 3, na vikate uvimbe kwa pembe mraba. Pembe hiyo hufuata uelekeo wa uvimbe wenyewe, wala si wa mwili uliolala mezani. Kata ndizi mshazari uone duara linavyogeuka yai: ukuta wa puru ukikatwa hivyo hufifia, na uvimbe ambao haujavuka misuli huonekana kama umevuka. Mgonjwa anapewa mionzi asiyoihitaji. Kwa hiyo radiografa (mpiga picha) apige kwanza picha za ubavuni, autambue uvimbe, ndipo apange vipande. Akitumia mpangilio wa kawaida wa nyonga, kipimo kirudiwe. Gesi puruni nayo huvuruga picha za mtawanyiko (picha za MRI zinazoonyesha mwendo wa maji ndani ya tishu), hivyo enema ndogo, yaani kusafisha puru kwa maji, kabla ya kipimo husaidia. Mgonjwa avue kila chenye chuma, pamoja na shanga za kiunoni na hirizi, na aseme mapema kama ana kifaa cha moyo.

Ripoti iseme pia umbali wa uvimbe kutoka tundu la haja kubwa, uvimbe umevuka misuli kwa milimita ngapi, na kama umeingia kwenye mishipa ya damu iliyo nje ya ukuta. Kuhusu mitoki, ukubwa peke yake hudanganya. Yenye upana wa milimita 9 au zaidi inashukiwa; iliyo midogo zaidi hutazamwa umbo, kingo na rangi. Kanda hii ina TB na VVU, na vyote huvimbisha mitoki.

Uvimbe ulio mbali na utando, usioingia kwenye mishipa, unaweza kwenda moja kwa moja kwenye upasuaji. Ulio karibu huanza na mionzi: ama grei (kizio cha dozi ya mionzi) 25 kwa siku 5, ama takriban grei 50 kwa mara 25 hadi 28, Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na vidonge vya kapesitabini, dawa ya saratani. Kwa anayevuka kwa kivuko kutoka Nansio, tofauti kati ya wiki moja na wiki tano au zaidi za kupanga chumba Mwanza ni jambo la kujadiliwa mezani na daktari. Mionzi yenyewe hupangwa kwa CT nyingine, mgonjwa akilala vilevile atakavyolala kila siku. Kibofu kikipangwa kikiwa kimejaa, kijae kila siku, la sivyo utumbo mwembamba hushuka na kuingia kwenye njia ya mionzi.

Baada ya mionzi mirefu usikimbilie MRI ya pili. Chini ya wiki 6 ukuta bado umevimba. Wengi hupiga kati ya wiki 8 na 12. Njoo na CD ya picha za kwanza, kwani kovu jeusi halisomeki bila kujua uvimbe ulikuwa wapi.

Uvimbe ukitoweka kabisa, kuna njia ya kuahirisha upasuaji na kufuatilia, iliyoanzishwa na daktari Angelita Habr-Gama wa São Paulo, Brazili. Kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne uvimbe huota tena, mara nyingi ndani ya miaka 2 ya mwanzo, na karibu kila mara kwenye ukuta ambao kidole na kamera hufika. Ndiyo maana ratiba ya kuchunguzwa kila miezi 3 haina mjadala. Asiye na uhakika wa nauli ya kurudi mara zote hizo, kwa maoni yetu, heri apasuliwe.